Popoo Mia na Tano

Jumatatu, 11 Novemba

Popoo za posa, zile za tambuu, zimefika dong laki nane kwa kichala. Taarifa hii imetolewa na mke wangu, Thuoc, saa mbili asubuhi, akiwa na kisu cha jikoni mkononi. Hanoi nzima inaoa mwezi huu.

Jumapili mwanetu Hiep anachumbia. Bibi wa binti anataka kichala kimoja, popoo mia na tano, bila pungufu. Thuoc alitaka kwenda sokoni mwenyewe. Nikamwambia aniachie. Akanitazama kama anavyotazama samaki wa jana. Akasema, "Baba Hiep, ukiniaibisha mbele ya yule bibi, utahamia kwa dada yako."

Jirani yangu Khoat alipata kichala cha mwanawe kwa laki sita. Mwezi mzima sasa anatangaza. Lengo langu: laki tano.

Mbinu: mteja wa kwanza. Kila mchuuzi hapa anaamini siku hufuata mguu wa mteja wa kwanza. Akinunua, siku imefunguka. Akiondoka mikono mitupu, siku imekufa. Basi atakayetangulia atapewa bei anayotaka! Nashangaa hakuna aliyewahi kulifikiria.

Jumanne, 12 Novemba

Jaribio. Saa kumi na mbili kasoro robo, meza ya soksi ya Bi Man. Alinipokea kwa furaha. "Karibu mzee, nifungulie siku kwa mkono mwepesi!" Akataja elfu ishirini. Nikataja elfu tano. Furaha ikapungua. Akashuka hadi kumi na tano. Nikaondoka, ili aniite.

Hakuniita. Nikasikia harufu ya moto. Nilipogeuka, alikuwa amewasha gazeti, analipitisha juu ya soksi, juu ya ndala, kisha akaliweka chini na kuliruka mara mbili. "Nenda, kisirani, nenda! Nenda na mikosi yako!" Mengine yalimhusu marehemu mama yangu.

Tathmini: niliondoka haraka mno.

Jumatano, 13 Novemba

Niliondoka polepole. Meza tatu: miavuli, visu, birika. Mioto mitatu. Mwuza visu alichoma boksi zima.

Khoat alikuwa kwenye kijistuli cha banda la chai, anatafuna mbegu. Akaniuliza kwa sauti, "Bwana Luu, siku hizi umekuwa kiberiti?" Wanywa chai wote wakacheka. Jibu zuri lilinijia nikiwa nyumbani.

Alhamisi, 14 Novemba

Siku ya popoo. Bi Sen ndiye mwuza popoo pekee kwenye uchochoro wetu. Aliniona nikiwa mbali akafunika bidhaa kwa turubai. Akanisihi: "Mzee wangu, sina ugomvi na wewe, lakini nina watoto wanakula. Rudi mchana, wenzako wakishanunua."

Nilirudi mchana. Bei: laki tisa. Nilikataa. Mtu lazima awe na msimamo.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua. Thuoc ameuliza popoo ziko wapi. Nimesema ziko njiani. Kwa maana pana ni kweli, bado ziko mtini.

Jumamosi, 16 Novemba

Ushindi! Nilivaa koti la mvua la Thuoc, la waridi, helmeti yake, na barakoa hadi chini ya macho. Saa kumi na mbili kasoro. Bi Sen akachangamka: "Dada yangu mzuri, njoo unifungulie!" Nikaongea kwa sauti nyembamba, maneno machache. Laki tano na nusu! Akanikabidhi kwa mikono miwili na kunitakia wajukuu. Nikaondoka mbio.

Nyumbani nikahesabu. Tisini na saba. Nikarudia mara mbili. Tisini na saba.

Kurudisha hakuwezekani. Mteja wa kwanza akirudisha mali, Bi Sen atachoma uchochoro mzima. Nikanunua popoo nane moja moja kwa ajuza wa tambuu wa mtaa wa pili, nikazifunga kwa waya mwembamba, juu yake utepe mwekundu. Huwezi kujua.

Nikamtajia Khoat bei kupitia ukutani. Mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, akaniomba nirudie.

Jumapili, 17 Novemba

Bibi wa binti anaitwa Nhai, miaka themanini na moja, meno meusi, anatafuna tambuu tangu usichana wake. Alikisifu kichala. Nikainama kidogo.

Popoo za posa hazikatwi kwa kisu. Hunyofolewa kwa mkono, ziende kwa jamaa wa pande zote mbili. Hilo nalijua tangu utotoni. Jana halikunijia.

Bi Nhai akanyofoa ya kwanza. Ikatoka na waya. Akanyofoa ya pili. Waya. Akaziinua watu wote wazione. "Wakwe zangu, hizi zimeota au zimeshonwa? Mjukuu wangu mnamletea mume, au naye mmemfunga kwa waya?"

Binti alimtazama Hiep. Hiep alitazama soksi zake. Thuoc alinitazama mimi.

Bibi akahesabu zilizoota kwa sauti, taratibu, mpaka tisini na saba. Kisha akatoa uamuzi: posa haijavunjika, wala haijakubaliwa. Jumapili ijayo, tarehe 24, kiletwe kichala kizima. Akinunue mama wa kijana.

Jumatatu, 18 Novemba

Hiep haongei nami. Thuoc amesema mara moja tu: atakwenda Jumamosi saa nne na atalipa bei atakayotajiwa. Bei atakayotajiwa! Nimeoa mfadhili wa wachuuzi.

Nimechunguza chanzo cha matatizo. Mbinu haina kasoro. Kasoro ni soko, wananijua. Ng'ambo ya mto kuna soko jingine, na huko sijulikani kabisa.

Jumamosi, tarehe 23, saa kumi na moja alfajiri. Thuoc atakuwa bado amelala. Nitaanzia laki tatu.