Kuhusu "Ondoa Mito" na Maandishi Mengine ya Ofisi Yako

Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Programu za Hospitali, ambaye pia ni mpwa wangu,

Nakuandikia kutoka kitanda cha dirishani, wodi ya wanaume. Pumzi nimebakiwa nayo kidogo, mto sina kabisa. Kabla sijafa naungama: nawadharau vijana wako kwa moyo wangu wote. Sababu ni hizi.

1. Kila wanapoibadilisha programu ya wodi hutakiwa kuacha mstari mmoja wa maelezo, nao hutokea kwenye skrini ya wauguzi. Wiki hii tumesoma, "Nimerekebisha." Kisha, "Nimerekebisha tena." Kisha, "Sasa kweli." Nini? Wapi? Kwa nini? Mlevi anayetafuta tundu la ufunguo hujieleza vizuri zaidi.

2. Hawana mtindo. Mmoja huandika "imeondolewa", kana kwamba imebebwa na jini. Mwenzake huandika "tumeondoa", na chumbani yuko peke yake. Wa tatu huweka kijiuso kinachocheka. Anamcheka nani?

3. Juzi mmoja kaandika "Ondoa mito", basi. Kumbe alikuwa akifuta neno hilo kwenye orodha ya stoo. Muuguzi, binti mtiifu, akapita kitanda kwa kitanda akiikusanya. Nilipong'ang'ania wangu akaniambia, "Babu, usinigombanishe na kompyuta." Tangu hapo nalalia viatu vyangu.

Kwa hiyo nadai kila badiliko litaje kilichobadilika na sababu yake, kwa mtindo mmoja, na kanuni hiyo iwabane wote: vijana wako, wapishi, fundi bomba, hata mama yako, dada yangu, anaponuna bila taarifa. Daktari wangu nimeshamfundisha, naye ameahidi kuanza leo. Asiyeweza kujieleza kwa mstari mmoja asiguse chochote kinachomhusu mgonjwa.

Wasalimie wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Vijana wako wasalimie kwa ufupi, ndivyo walivyozoea.

Ni mimi mjomba wako,
niliyekufundisha kuandika, nikadhani imetosha.

Tanbihi: Daktari amepita. Ameandika kwenye skrini ya wauguzi, "Simamisha dawa ya moyo, haimsaidii tena." Badiliko lipo, sababu ipo, sikupata hata nukta ya kusahihisha. Mke wangu anakuja jioni, naye husoma skrini kabla hajanisalimia. Tafadhali, mwanangu, mtume upesi kijana wako mmoja, yule mbovu kuliko wote, aufunike mstari huo kwa kitu kisichoeleweka.