Mfalme wa Makochi Aingia Mtandaoni

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimezaliwa upya. Nimeajiri mtengenezaji wa tovuti. Si mpwa wa kinyozi anayebahatisha kwa simu. Huyu dada ni mtaalamu hasa, ana ofisi, miwani na kiti cha kuzunguka. Mama Watoto ameniambia wazi: karakana isipopata wateja mwezi huu, naifunga na kwenda kuomba kazi kwa kaka yake, mwenye duka la makochi ng'ambo ya barabara. Kwa Shemeji! Mtu niliyemfundisha mimi kushika nyundo! Nitakufa kwanza. Hapana, sitakufa. Nitafungua tovuti.

Jumanne, 4 Machi
Mtaalamu amekuja karakana. Nimemweleza ninachotaka: picha yangu kubwa nimevaa suti, maneno "Mfalme wa Makochi" yawe yanawaka na kuzima, na muziki. Amenisikiliza kwa adabu, kisha akasema mteja anataka kuona kochi, si mfalme. Akauliza picha za kazi zangu ziko wapi. Nikatazama huku na huku. Kochi moja halina mgongo. La pili, paka amelifanya wodi ya wazazi. Nikamwambia picha ni nyingi mno, bado nachagua.

Alhamisi, 6 Machi
Akili yangu wakati mwingine inanitisha mwenyewe. Shemeji akienda kula nyumbani mchana, huniomba nimwangalizie duka, si ndugu? Leo nimemwangalizia kwa moyo mkunjufu, simu mkononi. Nimeyapiga picha makochi yote: la bluu, la kona, na lile jekundu ambalo, nakubali kwa shingo upande, amelishona vizuri. Huu si wizi. Kochi halipungui kwa kupigwa picha.

Mtaalamu ameuliza kama kweli ni kazi yangu. Nikasema kila msumari. Akauliza mbona ukuta kwenye picha ni wa kijani na karakana yangu haina rangi. Nikasema tunapaka na kubandua. Akaniomba nizikague picha moja moja kabla hajaziweka hewani. Nimezikubali zote bila kutazama, nilikuwa najaribu suti.

Jumamosi, 8 Machi
Tovuti iko hewani! Nimemwonyesha muuza mkaa, fundi viatu na mwenye nyumba. Mama Watoto ameitazama, akatabasamu na kuniita mume wangu kwa sauti ya zamani. Nimeona aibu kidogo. Nimeimeza.

Jumatatu, 10 Machi
Wateja! Simu imeita tangu asubuhi. Wa kwanza kufika ni mama mmoja na binti yake. Akataka kulikalia kochi jekundu. Nikasema liko stoo. Akasema atasubiri. Nikampa lile lisilo na mgongo asubirie. Binti akachungulia nje, akamwambia mama yake, si lile pale, lenye ukuta wa kijani nyuma yake? Wakavuka.

Hivyo hivyo mchana kutwa. Watu wanaingia, wanatazama simu, wananitazama mimi, wanavuka barabara. Kufika jioni Shemeji hakubakiwa hata na kigoda.

Jumanne, 11 Machi
Shemeji amekuja nyumbani. Nikajifungia chooni. Kumbe amekuja kushukuru! Amemwambia dada yake hajaona shemeji mwenye roho kama yangu, kutengeneza tovuti nzima kumtangazia mwenzake biashara. Nilihisi macho ya Mama Watoto yakipenya mlango wa choo. Nilipotoka nikakuta ovaroli yangu imepigwa pasi na kuwekwa juu ya kiti. Kesho naanza kazi kwa Shemeji.

Jumatano, 12 Machi
Nimeanza. Nimekabidhiwa nyundo ileile niliyomfundishia. Imeniuma, sitaficha.

Lakini mchana jirani wa Shemeji, fundi vitanda, alipokuwa anakwenda kula, ameniomba nimwangalizie duka. Vitanda vya ajabu! Vya kuchonga, vyenye droo, kimoja kina taa kichwani. Nimempigia mtaalamu papo hapo: tovuti mpya, "Mfalme wa Vitanda". Akauliza kama safari hii kazi ni yangu. Nikamwambia kila msumari.

Mtu lazima ajifunze kutokana na makosa, na mimi nimejifunza. Kabla ya kupiga picha nimetundika shuka kuficha ukuta.