Fotei Zingoje Hali Itulie

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Habari imethibitishwa. Wakwe wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Yonatani wa Ngarama, pamoja na wazee wake, kuzungumza mahari ya binti yetu Gisèle. Kijana mwenyewe, mwanawe Gad, ni mtulivu, anafuga, anasali. Sikumwona kasoro, ingawa nilitafuta.

Mama Gisèle hakuzungumzia kijana. Alizungumzia fotei. Anataka viti vya kochi vyenye mito, kwa sababu nyumba yetu hapa Rubondo, katika kambi ya wakimbizi, ina benchi moja na viti vya plastiki, kimojawapo kikisimama kwa msaada wa ukuta. Amezitaka fotei hizo tangu siku tulipomaliza kukandika nyumba. Safari hii pesa ipo, imo katika simu yangu. Mahindi yaliuzwa vizuri, na yeye ameshona sare za shule mpaka vidole vikavimba.

Ndiyo sababu lazima niwe makini. Mtu asiye na pesa hawezi kuitumia vibaya. Mwenye nayo anaweza. Redio inasema hali ya dunia haieleweki. Mgao wa chakula umepunguzwa tena. Sabuni inapanda, na mimi ndiye ninayeiuza, kwa hiyo najua. Nyakati kama hizi mtu mwenye akili hafanyi matumizi makubwa. Anangoja hali itulie.

Nilimweleza hivyo. Akajibu kwamba hali haijatulia tangu tuoane. Ni kweli, lakini haivunji hoja yangu.

Jumatano, 8 Oktoba

Mbarara. Nilikubali kwenda kuangalia tu. Mama Gisèle alivaa kitenge cha kanisani, dalili kwamba hakunisikia niliposema kuangalia tu.

Fundi anaitwa Kizito. Karakana yake iko upande wa Ruharo. Fotei zake ni nzuri, siwezi kudanganya katika shajara yangu mwenyewe. Rangi ya kahawia, mito minene. Mama Gisèle aliketi kwenye ile kubwa, akaweka mikono juu ya mito.

Kizito alitaja bei yake. Nami nikataja bei ya matusi, nikitarajia anifukuze, ili turudi nyumbani bila lawama. Aliangalia barabara isiyo na wateja, akafuta vumbi la mbao usoni.

"Sawa, mzee. Toa pesa, beba viti."

Nilishtuka. Fundi anayekubali upesi hivyo anajua kitu. Bila shaka wiki ijayo bei itashuka zaidi. Nikamwambia nitakwenda kufikiri.

"Unafikiri nini, mzee? Hiyo bei ni yako wewe."

Nikamwambia ndiyo sababu inanitia wasiwasi. Ilimbidi Mama Gisèle ainuke. Hakusema neno mpaka tukafika Rubondo. Nimechukulia kwamba alielewa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimepata njia. Jirani yetu Salvator ana fotei. Alizinunua mwaka jana, na hajaziondoa karatasi za nailoni mpaka leo. Anauza unga mbele ya kibanda changu cha sabuni. Ni shemasi. Anapenda kuacha mlango wazi ili watu waone.

Kumwomba ni kujishusha. Basi nilimwendea asubuhi na kumwonya, kwa upendo wa Kikristo, kwamba mchwa wameonekana upande wake wa njia na kwamba mchwa hupenda mbao za Mbarara. Nikajitolea kumhifadhia fotei kwangu, kwa wiki moja au zaidi.

Alinishukuru sana. Mchana akanunua dawa, akapulizia nyumba nzima. Upepo ulikuwa unakuja kwetu. Tumekula nje.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mama Gisèle alikwenda kwa mke wa Salvator, Kabanyana, akamwambia tuna wageni na hatuna fasi ya kuwakalisha. Kabanyana akasema tuzichukue, hakuna neno. Maneno yao yalichukua muda mfupi kuliko yangu juu ya mchwa.

Kuna sharti moja. Salvator mwenyewe atakuja siku hiyo, akae nasi kama mzee wa upande wetu. Anataka kuwa karibu na mali yake.

Nimekubali. Hesabu ni nzuri: fotei nyumbani, pesa kwenye simu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Wakwe wamekuja na wameondoka.

Walifika vizuri. Yonatani alikuwa amevaa koti la kijivu lililomkaa kama la waziri. Alizunguka fotei kwa macho kabla ya kuketi. Alipoegemea, Salvator akasema:

"Muzee, usiegemee sana pale. Mukono wake iko na musumari."

Upesi nikawaeleza wageni kwamba Salvator ni mtu wa karibu sana katika nyumba hii.

Tulisali. Tukanywa maziwa. Yonatani akasifu fotei, akasema inaonekana Mungu ametubariki. Hapo ndipo ulimi wangu ulipoteleza. Sikutaka adhani mimi ni mtu wa kutapanya mali. Nikamweleza msimamo wangu wote: redio, mgao, mafuta, sabuni. Nikasema kwamba katika nyakati hizi mwanaume mwenye busara haharakishi jambo lolote kubwa, hungoja hali itulie. Nilisema vizuri. Wazee wa Ngarama waliacha kunywa ili wasikie.

Yonatani alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Muzee Appolinaire, umesema neno tulikuwa tunaogopa kusema. Hata kwetu mambo ni nguvu. Tena tunaona nyinyi hamuna njaa ya ng'ombe zetu. Basi tungoje. Hali ikitulia, tutarudi na mahari."

Nikauliza hali itatulia lini. Akasema hilo mimi ndiye ninayelijua zaidi.

Wakaondoka kwa furaha. Salvator aliwasindikiza mpaka barabarani. Gisèle, aliyekuwa nyuma ya pazia na nguo yake mpya, alitoka upande wa jikoni, akaenda kukaa nyumbani kwa Kabanyana mpaka jioni.

Jumapili, 19 Oktoba

Gisèle aliniwekea chakula mbele na hakuketi. Nikamweleza kwamba kungoja si kukataa, na kwamba hata bei ya mbao hushuka kwa mwenye subira.

Alisimama mlangoni. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa sawa.

"Papa, mimi siko mbao. Hata ukingoja namna gani, bei yangu haitashuka. Ni mimi tu nitazeeka."

Sentensi imepangwa vizuri. Amerithi kwangu. Sikumaliza ugali.

Nilimwomba Mama Gisèle anitetee kwa mtoto. Akasema: "Ulisema mwenyewe, watu wote wakisikia." Akaendelea kupiga pasi.

Jumatano, 22 Oktoba

Nilifikiri siku mbili. Ikiwa niliwafundisha kungoja, lazima niwaonyeshe kwamba hali imetulia. Na nani atakayebisha akiniona nimenunua fotei zangu mwenyewe? Nikaenda Mbarara peke yangu, kwa siri.

Fotei hazipo. Mke wa askari wa kambi ya jeshi ya Makenke amezichukua.

"Huyo mama hakufikiri, mzee," Kizito alisema. "Alikaa, akatoa pesa, akabeba."

Nikauliza za kutengeneza upya. Bei imepanda. Mvua imeharibu barabara za kuleta mbao. Nikamkumbusha bei tuliyokubaliana. Akauliza tulikubaliana siku gani. Huo ni uthibitisho kwamba hali haijatulia, kama nilivyosema tangu mwanzo. Lakini nyumbani hakuna wa kumwambia.

Nimerudi na mto mmoja mdogo. Kizito alinipa bure, nadhani kwa huruma.

Ijumaa, 24 Oktoba

Ngarama. Nilikwenda bila kuitwa, jambo ambalo baba wa binti halifanyi. Yonatani alinipokea uani, akiwa na shati lililochanika bega.

Nilimweleza kwamba nimefikiri upya. Pesa inayolala inapoteza nguvu. Mtu mwenye busara, nyakati hizi, anatumia kabla mambo hayajawa mabaya zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe umenunua nini?"

Mto niliuacha nyumbani.

"Zile fotei ni za Salvator," akasema polepole. "Alituambia akitusindikiza. Alituambia mpaka mwaka alizinunua."

Niliangalia chini. Kuna sisimizi wengi Ngarama. Nikadhani sasa ataniambia nirudi nilikotoka, na kwamba mwanawe hawezi kuoa katika nyumba ya viti vya kuazima. Nikamwona Gisèle akilini, amesimama mlangoni kwetu kama siku ile. Nikasema, bila kupanga, kwamba mtoto hali vizuri tangu Jumamosi, na kwamba kosa ni langu wala si lake.

Yonatani akaanza kucheka, kicheko cha tumboni.

"Lile koti ni la pasta. Sasa wewe huna fotei, mimi sina koti. Tunaogopana nini?"

Mkewe, Nyiransengimana, alikuja na maziwa na kutusikiliza. Akasema tusijisumbue. Yeye na Mama Gisèle walikwisha kuongea kwa simu tangu Jumatatu. Ng'ombe mmoja jike atakuja sasa, wengine watafuata kadiri wanavyozaa. Arusi ni Desemba. Watu watakalia mabenchi ya kanisa.

Yonatani na mimi tulitazamana. Habari hiyo ilikuwa mpya kwetu sote.

Jumanne, 28 Oktoba

Mama Gisèle alinyoosha mkono. Hakuomba, hakugomba. Nikampa simu.

Amerudi kutoka Mbarara na godoro, sufuria, mablanketi na mapazia ya binti. Alinunua vyote kabla ya saa sita na hakuna aliyemwuzia kwa bei ya wazimu. Hakuuliza habari ya fotei. Alisema sisi tumeketi kwenye benchi miaka mingi na migongo yetu ni mizima, lakini mtoto haendi kwa watu mikono mitupu.

Gisèle alifungua godoro kidogo kwenye kona, akalinusa. Kisha akaja kuketi kando yangu na kuniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akaniletea, akaketi tena. Tulikula pamoja bila maneno mengi. Nilikula sana.

Jumamosi, 8 Novemba

Ng'ombe amefika. Mweupe mwenye madoa mekundu, pembe nzuri, tabia mbaya. Gad alimleta mwenyewe kwa miguu. Gisèle alimpa maziwa, na walikuwa na mengi ya kuzungumza juu ya ng'ombe, kwa watu wasiomwangalia ng'ombe.

Kabla ya kuondoka, Gad aliniambia kwa heshima kwamba mnyama huyu anavunja kamba, na anahitaji boma la nguzo imara leo au kesho. Mama Gisèle alisema hivyohivyo. Gisèle pia.

Niliuliza bei ya nguzo. Iko juu. Bei ya seng'enge ni mbaya zaidi. Nikawaeleza kwa utulivu kwamba huu si wakati wa kujenga. Baada ya Krismasi watu hawana pesa, na vitu hushuka. Hakuna aliyebishana nami. Walisimama tu wakaniangalia, wote watatu, na Mama Gisèle akaingia ndani.

Mchana ng'ombe alikata kamba, akaingia katika maharage ya Salvator na kula mstari mzima. Salvator amekuja akifoka. Nilimtuliza. Nikamweleza kwamba shamba zuri kama lake haliwezi kukaa wazi hivyo, na kwamba mtu wa hadhi yake angelizungushia seng'enge pande zote. Alianza kunisikiliza. Nilimwona akipima kwa macho.

Akishazungushia, ng'ombe wangu hataweza kuingia. Kwa hiyo boma halitahitajika. Nashangaa kwamba hakuna mwingine katika nyumba hii aliyeliona hilo.