Viatu vya Kumshinda Twalibu

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Darasa la Kiingereza la watu wazima, uani kwa Mzee Premji wa vitambaa. Anafundisha bintiye, Hetvi. Neno la leo: shine. Kumbe lina kazi nyingi! Jua likiwaka, shine. Ukimulika njia kwa tochi, shine. Ukisugua viatu mpaka ving'ae, shine. Hata mtu akiwapita wenzake, ame-shine.

Twalibu muuza asali akatunga sentensi nne palepale. Mimi moja. Yeye kaambiwa hongera, mimi nikaambiwa nijitahidi.

Jumamosi wanakuja wageni kutembea njia ya kale ya misafara. Atakayefanya vizuri darasani Ijumaa ndiye atakayewapokea kwa Kiingereza na kuwaongoza. Nimeshamwambia mke wangu, Mwanne, kwamba ni mimi. Naye keshawaambia wanawake wote msikitini. Sina pa kurudi.

Jumatano, 10 Septemba
Nimechungulia viatu vya Twalibu. Vinang'aa mpaka nikaona ndevu zangu! Mwanne akasema si nimuulize tu anapaka nini. Nimuulize Twalibu? Bora niende mpaka Usinge, mbali kule, peku. Fundi viatu kaninong'oneza: nta ya nyuki. Basi! Nimenunua sega zima, nikasugua viatu nalo. Vinanata kidogo, lakini vinameta. Ijumaa nitainua mguu mbele ya darasa niseme: shine! Mungu anisamehe, leo nimeswali Alasiri nikiwaza viatu.

Ijumaa, 12 Septemba
Aibu!
Nilivua viatu mlangoni pa msikiti kama kila mtu. Tunatoka, nyuki wamevifunika. Waumini wote wamekwama ndani, hakuna wa kufikia kandambili zake. Shehe akauliza viatu ni vya nani. Nikatazama dari.

Twalibu akawasha matambara, akawafukiza nyuki taratibu, akaviinua viatu kwa vidole viwili. Akasema, "Bwana Uwesu, nta huchemshwa ikachujwa. Wewe umewapikia nyuki futari!" Msikiti mzima ukacheka. Shehe naye.

Darasani nilichechemea, nyuki aliyebaki kiatuni kaniuma kidole gumba. Twalibu akaeleza kisa chote kwa Kiingereza, na moshi wake. Akachaguliwa. Kisha akamwomba mwalimu nifuatane naye kesho. Nikasema mguu unauma. Uliouma ni moyo.

Jumapili, 14 Septemba
Wageni wamekwenda wakimsifu Twalibu. Mwanne hapiti tena upande wa wanawake mapema, anangoja swala ianze.

Twalibu kaja na chupa ya asali nipake kidole. Kasema wageni wengine watakuja Oktoba, tujifunze pamoja, atanionyesha na namna ya kuchuja nta. Mtu mwema kweli. Ananiudhi!

Nimekaa nikatafakari, nikamwomba Mungu anionyeshe kosa langu. Kanionyesha: ni nta. Nimenunua samli safi ya kutoka Choma, nimeshapaka viatu tabaka mbili. Vinang'aa kuliko vyake! Nyuki hata mmoja hakuna.

Ila paka watatu wamekaa mlangoni tangu asubuhi. Sijui wanataka nini.