Karani wa Mizani na Kengele ya Saa Tisa na Nusu

Jumapili, 3 Machi

Nimeamka na furaha isiyo na pa kukaa. Ijumaa kamati ya wazazi wa shule inachagua mwenyekiti wa nidhamu. Wagombea wawili tu: mimi, karani wa mizani ya malori kwa mwaka wa kumi na moja, na shemeji yangu, kinyozi, kaka wa mke wangu. Mimi nasema adhabu za vijana wa leo ni laini kama pamba. Yeye anasema ni kali mno, eti kijana huongelewa kwanza. Sishangai. Mtu anayeshinda akipiga soga juu ya vichwa vya watu ataona kila ugonjwa unatibika kwa maneno.

Silaha yangu ipo tayari: Mizani ya Makosa. Unachukua idadi ya waliokosewa, unazidisha kwa dakika walizopotezewa, unapata saa za kazi atakazofanya mkosaji. Hakuna hasira, hakuna huruma. Lori halipimwi kwa kuangaliwa usoni.

Mchana nimetenda jambo la pili, la siri. Nimepita shuleni. Mlinzi kanifungulia. Saa ya ukutani, pale ukumbini juu ya kengele, ilikuwa nyuma kwa dakika ishirini na tano. Shule nzima inaishi nyuma! Nimepanda kiti nikaisogeza mbele, iende sawa na saa yangu ya mkononi. Yangu haina shaka: kila Jumamosi naioanisha na saa ya kazini, ile ya kwenye geti la mizani, na tangu niajiriwe sijaona mtu akiigusa.

Nimemwambia mlinzi afunge mdomo mpaka Ijumaa. Nitatangaza mwenyewe kabla ya kura.

Jumatatu, 4 Machi

Nimefika kazini wa kwanza, kama kawaida. Nimesubiri geti lifunguliwe, kama kawaida. Watu hawana saa.

Alasiri, bahati ya mtende! Dereva mmoja kaniletea habari kwamba kengele ya shule ya kwenda nyumbani, ile ya saa tisa na nusu, imelia dakika ishirini na tano kabla ya wakati. Wanafunzi mia sita na kumi na wawili wametoka mbio kama maji yaliyobomoa ukingo. Walimu wamebaki na chaki mikononi. Nimeshindwa kujizuia, nikachukua kalamu palepale, lori likiwa bado juu ya mizani. Jumla: saa mia mbili hamsini na tano za kazi. Kosa la kwanza kupimwa kisayansi, tena siku nne kabla ya uchaguzi.

Nimefika nyumbani nikiimba. Mama watoto kaniuliza kama ninakumbuka nani hupiga kengele ya mwisho.

Nimeacha kuimba. Ni binti yetu, Chiriku.

Tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Leo kanyamaza.

Jumanne, 5 Machi

Tumeitwa. Mwalimu mkuu kasema mishale ya saa ya ukumbini ilisogezwa makusudi, na Chiriku ndiye anayesimama chini yake kila siku, kwani kengele nyingine hupigwa na walimu kwa saa zao. Kwa hiyo wiki mbili nje ya shule. Kamati itathibitisha Ijumaa.

Nilitaka kutikisa kichwa kwa kukubali, kama mgombea. Kisha nikakumbuka kalenda. Mtihani wa majaribio unaanza Jumatatu ijayo, na asiyeufanya hasajiliwi kwa mtihani wa mwisho. Chiriku ameamka alfajiri mwaka mzima kwa ajili ya mtihani huo. Madaftari yake yamejaa hadi kwenye majalada.

Nimemuuliza kwa nini. Nilimwachia saa iliyonyooka, yeye kaenda kuipinda! (Hili la pili sikulisema. Siri ni siri.) Kanitazama usoni, halafu kanitazama mkononi. Akasema kwa upole, baba, we andika tu kwamba nimefanya mimi.

Jioni shemeji kapitia hapa, hajaalikwa. Kauliza hali ya mpwa wake. Kisha kaniuliza kama bado naona adhabu za siku hizi ni pamba. Nimejibu kwamba msimamo wangu haujabadilika. Akasema, "Mkuki kwa nguruwe, shemeji." Hakuumalizia msemo. Alijua nitaumalizia mwenyewe, na nimeumalizia, mara nane, tangu aondoke.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata! Nimepata nikiwa naandika uzito wa lori la saruji, na nimeandika uzito huo kwenye mstari usio wake kwa msisimko.

Mkosaji anayefukuzwa yuko nyumbani. Mkosaji anayefanya kazi shuleni lazima awe wapi? Shuleni! Kamati ikikubali Mizani ya Makosa, Chiriku atafagia saa mia mbili hamsini na tano, lakini atafagia hukohuko kwenye mtihani. Nitakuwa mkali kuliko wote na bado mwanangu ataketi kwenye dawati. Ndege wawili, na jiwe sijarusha.

Nimemweleza mama watoto. Kauliza saa ngapi kwa siku. Nimesema moja. Kapiga hesabu kwa vidole, kasema shule zina likizo na Jumapili, kwa hiyo binti yake atafagia hadi mwakani, akiwa ameshamaliza shule. Nimemwambia hayo ni mambo madogo ya utekelezaji.

Ijumaa, 8 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Nimefika kikaoni wa kwanza. Nimesubiri dakika ishirini na tano peke yangu.

Nimewasilisha Mizani. Nimewasha moto! Mjumbe mmoja, fundi cherehani, ambaye hajawahi kukubaliana na mtu, kasema hii ndiyo akili. Mwalimu mkuu kanakili hesabu yangu. Kasema yuko tayari kufuta kufukuzwa na kuweka saa za kazi. Chiriku alikuwa kiti cha nyuma. Nimemwona akivuta pumzi ya kwanza tangu Jumatatu. Mtihani umepona!

Ningeketi hapo. Lakini kura zilikuwa zinakuja, na nilikuwa na siri yangu ya makofi. Nikabaki nimesimama. Nikatangaza kwamba uadilifu wangu hauanzi leo, kwani Jumapili, kwa mikono yangu, bila kuombwa, nilirekebisha saa ya ukumbini iliyokuwa nyuma kwa dakika ishirini na tano.

Hakuna aliyepiga makofi.

Mwalimu mkuu kauliza nilitumia saa ipi. Nikanyoosha mkono kwa fahari. Kila mtu akatazama saa yangu, kisha ya ukutani, ambayo walimu walikuwa wameirudisha, kisha yangu tena. Mlinzi kasema ni kweli, alinifungulia mwenyewe, ila aliambiwa afunge mdomo mpaka Ijumaa, na leo ni Ijumaa.

Shemeji alicheka hadi akashika meza. Kasema madereva wote wanaokaa kwenye kiti chake wanajua kwamba saa ya geti la mizani inatangulizwa makusudi, ili malori yawahi kabla geti halijafungwa. Kasema mji mzima unajua, isipokuwa karani.

Ndipo Chiriku akasimama, na Chiriku akirudi kuongea hurudi na riba. Kasema Jumatatu aliona mara moja kwamba ile ilikuwa saa ya baba, kwani ameishi nayo tangu azaliwe. Angeweza kumwambia mwalimu. Lakini kipindi cha mwisho kilikuwa na jaribio la hesabu, na hakuwa amejiandaa, basi akapiga kengele kwa nguvu zote. Baadaye alinyamaza kwa sababu aliona baba anataka uenyekiti kuliko kitu chochote.

Nimevua saa nikaitia mfukoni.

Mwalimu mkuu kasema makosa ni mawili: la aliyesogeza mishale na la aliyejua akapiga. Basi saa za Mizani zigawanywe nusu kwa nusu, kila mmoja mia moja ishirini na saba na nusu. Shemeji akaomba zipunguzwe kwa wote wawili, akasema ni kali mno. Za Chiriku, kwa kuwa kasema ukweli, zikawa kumi. Walipofika kwenye zangu nilisimama kupinga. Kanuni ni kanuni. Wakaniheshimu. Zimebaki zote.

Shemeji ndiye mwenyekiti.

Jumamosi, 9 Machi

Mtu wa kipimo hukubali kusahihishwa. Asubuhi nimerudisha saa yangu nyuma kwa dakika ishirini na tano. Mama watoto kaniuliza naigusa ya nini, maana yeye aliirudisha jana usiku nilipokuwa naoga. Nimemwambia kwa upole kwamba kipimo hurekebishwa na mwenye taaluma. Sasa nina hakika.

Jumamosi, 16 Machi

Chiriku amemaliza mtihani. Anasema hesabu ilimwendea vizuri, na amelisema tangu supu hadi kulala. Nyumba ina kelele tena. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Jambo la ajabu: wiki nzima nimekuta kila mtu kazini kabla yangu. Geti liko wazi, bosi kanuna, malori yamepanga foleni. Watu wamepata adabu ghafla. Nadhani habari za Mizani zimewafikia.

Leo zamu yangu ya kwanza ya kufagia shule. Nimefika saa mbili kamili kwa saa yangu. Mlinzi kasema nimechelewa. Nikatazama juu ya kengele. Ile saa maskini, baada ya kuguswaguswa na watu wasio na taaluma, sasa inatangulia kwa dakika ishirini na tano!

Mlinzi alikwenda kuniletea ufagio. Kiti kilikuwa palepale.

Nimemwambia afunge mdomo mpaka kikao kijacho.