Sebarenzi na Nusu Saa ya Kwenda kwa Mama Mukwe

Songeni, enyi wana wa vilima vya Masisi, nanyi mnaokaa chini ya miti mirefu ya Walikale. Aliye na ugali mdomoni aumeze kwanza. Kitendawili: ngao gani haina ngozi wala chuma, wala hakuna mkuki ulioitoboa? Mumeshindwa? Nipeni mji. Ni ngao ya Sebarenzi, simba wa Ngungu, mfalme wa maharagi, na jina lake ni Mbali.

Miaka yote ya ndoa shujaa huyo alijikinga nayo. Kila mke wake Adelaïde alipotaja safari ya Itebero, kule Walikale, kwa mama yake mzazi Mama Carmel, mwanamke ambaye mashauri yake huanza kabla jogoo hajawika na kuisha jogoo ameshachinjwa, Sebarenzi aliinua ngao: "Iko mbali, Mama Fifi. Iko mbali sana."

Hata siku ile mbaya, binti yao Fifi akachomoa telefone kama upanga. "Papa, toka kiwanja ya ndege ya Goma mpaka ile ya Walikale, ni kilometa mia moja makumi tatu na kitu. Ndege inafanya nusu saa."

"Nusu saa," akasema Adelaïde polepole. "Hata maharagi haiivi."

"Telefone inadanganya."

"Basi uende ukaikatalie kule juu."

Ngao ikapasuka, shujaa akaondoka. Lakini telefone ilihesabu anga, haikuhesabu tope. Kutoka Ngungu pikipiki ilimbeba Sebarenzi pale palipokuwa na barabara, na palipokosekana barabara Sebarenzi akaibeba pikipiki. Kiwanjani Goma wakampima kilo pamoja na gunia lake la maharagi, akalala siku mbili akingoja mawingu yamalize mazungumzo yao. Ndipo ndege ikaruka. Akafumba macho, akawaita watakatifu wote anaowajua, na kabla hajarudia wa kwanza, ikatua. Nusu saa, kweli. Kisha Itebero kwa miguu: mvua juu, mizizi chini, gunia kichwani.

Alipofika kwa Mama Carmel, tope limempanda hadi mabegani, moyo wake ulipiga ngoma za ushindi. Akasimama mbele ya majirani akahutubu: "Mama, angalia hii miguu. Nilitoka kwetu siku ya soko, leo njo ninafika. Useme wewe mwenyewe, hawa watu wasikie: ni karibu ao ni mbali?"

Mama Carmel akamzunguka, akainama, akakagua hata vidole. "Ni mbali, mukwe wangu. Mwenye kusema ni karibu, alete miguu yake hapa."

Majirani wakaitikia. Ngao ikaungika tena, ikang'aa.

"Na muntu ya karibu," Mama Carmel akaendelea, akimtua gunia, "analala usiku moja, anarudi. Lakini muntu ya mbali vile, nitamuacha aende namna gani? Utakaa mpaka mvua imalize. Ikala kwenye kigoda, tuanze kuongea."

Na Walikale, wajukuu wangu, mvua haina haraka ya kumaliza. Hivyo Sebarenzi mshindi, aliyethibitishiwa neno lake mbele ya Itebero nzima, akaketi kwenye kigoda cha utukufu wake; vizazi vitahesabu miaka tangu siku hiyo, naye mwenyewe akihesabu mawingu.