Matanga kwa Vipande Kumi na Viwili

Itangazwe kwa wote, wenye karatasi na wanaozingoja: Jumapili ya pili ya Januari 2011, baada ya misa, katika ukumbi wa kukodi nyuma ya Chaussée d'Ixelles, mjini Brussels, Mutuelle Tushikane iliingia rasmi katika zama za nidhamu ya bajeti. Mutuelle hiyo ni chama cha watu wa Lubumbashi na Likasi wanaosaidiana wakati wa msiba. Hadi siku hiyo walikuwa wakisaidiana ovyo ovyo, yaani mtu akifiwa, anasaidiwa.

Mtangazaji alikuwa rais wao, Tonton Séraphin wa mtaa wa Uccle, tai nyekundu shingoni, mafaili mawili kwapani.

"Bandugu, mutazame hii Belgique! Mwezi saba haina gouvernement, na treni inatembea, pension inatoka. Juu ya nini? Juu inakula bajeti pole-pole: kila mwezi, kipande kimoja cha kumi na mbili. Bon. Na sisi batu ya akili tutafanya vilevile."

Hilo ndilo likawa Pendekezo Namba Moja, la kupigiwa kura: msaada wote wa matanga, yaani viti, chai na ukumbi, utolewe kwa vipande kumi na viwili, kimoja kila mwezi. Fedha zitakazokuwa zinangoja zamu zihamie, kwa muda, kwenye Fungu la Heshima ya Urais.

Lakini chama makini hakipigi kura bila uchambuzi. Akaitwa Mwamba, mlinzi wa mlango katika jengo moja la ofisi karibu na Schuman, kwenye makao ya Umoja wa Ulaya. Mwamba ana shahada ya uchumi ya Lubumbashi ambayo hakuna mtu Brussels aliyewahi kuomba kuiona. Kwa muda wa saa nane kila siku alisoma ripoti zilizotupwa na wakubwa wa juu, mpaka akaweza kutamka "uendelevu wa kifedha" bila kucheka. Séraphin akamteua Mkurugenzi wa Ofisi Huru ya Uchambuzi wa Bajeti na Kura, akamvisha beji ya herufi za dhahabu. Ofisi ilikuwa huru kabisa, ila rais asome kwanza.

Uchambuzi wa kwanza ulikuwa ukurasa mmoja. Ulisema kwamba matanga huchukua siku mbili, na kwamba mtu akifiwa Januari, kiti chake cha mwisho kitamfikia Desemba. Séraphin akafyonya.

"Mwamba, mutoto yangu, hii ni uchambuzi ao ni uchokozi?"

"Tonton, ni hesabu tu."

"Hesabu iko muzuri. Mwisho tu njo iko mubaya. Andika: athari kwa mwanachama, hakuna."

Mwamba aliitazama beji. Akaandika. Haya, tusimcheke sana. Kazini walikuwa wakimwita "mlango". Kura zikahesabiwa: sitini na moja ndiyo, nne hapana, na moja iliyouliza bia inafika saa ngapi.

Februari akafariki mume wa Maman Myriam. Huyu ndiye mama aliyempokea Mwamba mwaka 2003, akamlaza kwenye kochi lake miezi minane bila kumwuliza ataondoka lini. Mutuelle ina viti tisini na sita, chupa kumi na mbili za chai, na hulipia ukumbi saa arobaini na nane. Mwamba akatumia kanuni aliyoitia sahihi mwenyewe: viti vinane, chupa moja, ukumbi saa nne. Waombolezaji wakalia kwa zamu, wengine wamesimama nje kwenye mvua ya barafu. Saa ya nne ilipotimia, wanafunzi wa salsa wakaingia na redio yao.

Maman Myriam hakupiga kelele.

"Mwamba, njo weye uliandika?"

"Njo mimi, Maman."

"Unajua kuandika muzuri."

Mwamba aliona aibu. Machi, kama sheria inavyotaka, akapandisha viti vinane vingine ghorofa ya tatu kwa Maman Myriam, ngazi nyembamba, lifti hakuna. Aprili, hivyo hivyo. Mjane akapokea, akatia sahihi, akakaa kwenye kimoja akimtazama. Fungu la Heshima nalo halikulala. Lilinunua kiti kikubwa cha ngozi, fauteuil ya rais, kikahifadhiwa Uccle, nyumbani kwa rais, kwa sababu za kiusalama.

Mei akafariki baba mkwe wa Séraphin. Loo! Kwetu, siku ya matanga ya mkwe ndipo mkwilima, mume wa binti, anapopimwa, na Séraphin alikuwa amewajaza wakwe zake habari za urais wake miaka yote. Akapiga simu.

"Mwamba, leta kiti byote. Quatre-vingt-seize, yote tisini na sita!"

"Tonton, Pendekezo Namba Moja…"

"Ile ilikuwa ya wanachama!"

"Tonton si mwanachama? Tunaweza kuibadilisha, lakini lazima kura. Na mbele ya kura, uchambuzi, siku makumi tatu."

Marehemu hakuweza kungoja. Jumamosi asubuhi Mwamba akafika matangani, kwa Séraphin huko Uccle, na viti vinane na chupa moja, Maman Myriam kando yake garini. Wakwe sitini walikuwa wamesimama kwenye majani ya bustani, manyunyu yakiwadondokea. Papa Crispin, kaka wa marehemu, alikuwa ameshajikalia kwenye kiti cha ngozi.

"Mukwe, kiti ya batu iko wapi?"

Séraphin akaeleza Belgique, nidhamu, vipande kumi na viwili.

"Ingine inakuja mwezi ya sita, Papa," Mwamba akasaidia.

Papa Crispin hakusaidika. "Kusimamisha wakwe ku matanga, ni amende, ni faini. Mbuzi mbili, bia kreti kumi na mbili, na hii fauteuil. Leo."

"Papa, alors, tufanye pole-pole. Kila mwezi kipande kimoja cha mbuzi…"

Mzee akamgeukia Mwamba. "Weye wa badge. Akilipa byote leo, itamufanya nini?"

Mwamba akamtazama Maman Myriam. Akatoa kalamu, akaandika kwa uhuru wote wa ofisi yake, akapiga muhuri, akasoma kwa sauti:

"Athari kwa mwanachama: hakuna."

Wakwe wakaanza kuibeba fauteuil kuelekea garini. Maman Myriam akamsogezea Mwamba kiti.

"Unajua kuandika muzuri," akasema. "Ikala hapa."